Kilele cha −24 kimepotea: kutatua hitilafu za ramani ya EJC kwenye mRNA

Anayechora ramani ya protini zinazobaki juu ya mRNA baada ya introni (vipande vya RNA vinavyokatwa na kutupwa) kuondolewa ana bahati moja ambayo wenzake wengi hawana: jibu la msingi analijua kabla hajaanza. Eksoni mbili, yaani sehemu zinazobaki, zikishaungwa, kundi la protini liitwalo EJC (exon junction complex) huachwa kwenye mRNA, nyukliotidi 20 hadi 24 hivi kabla ya kiungo. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2000, na tafiti za 2012 zilizopima jenomu nzima zikalithibitisha. Kiini cha kundi hilo ni eIF4A3, MAGOH na Y14 (kwenye orodha za jeni Y14 utaikuta kwa jina la RBM8A), na CASC3 huambatana nazo. Kwa hiyo ukizipanga ridi zako, yaani vipande vifupi vya mfuatano vinavyotoka mashineni, kwa umbali wake kutoka mwisho wa eksoni, ni lazima uone kilele karibu na −24. Usipokiona, usikimbilie kuandika kwamba seli zako ni za ajabu. Kuna hatua ambayo nafasi imepotea, na katika mafaili ninayoletewa hapa Kampala, mara nyingi hatua hiyo iko kwenye kompyuta.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mwisho na kurudi nyuma, kompyuta kwanza, maabara baadaye. Kukagua faili hakugharimu kitu. Kurudia jaribio ni kuagiza vitendanishi upya na kuomba vitoke uwanja wa ndege wa Entebbe kabla barafu kavu haijaisha ndani ya boksi.

Dalili: kilele kipo, lakini ni kifupi na kimezungukwa na ukungu

Hii naiona kuliko zote. Mtu amechukua faili la GTF, orodha ya mahali eksoni zilipo kwenye jenomu, akasoma safu ya tano kama mwisho wa eksoni, akapima umbali kutoka hapo. Kwa jeni za uzi chanya wa DNA yuko sahihi. Kwa jeni za uzi hasi safu ya tano ni mwanzo wa eksoni, kwa sababu GTF huandika namba ndogo kwanza bila kujali jeni inaelekea wapi. Takribani nusu ya jeni za binadamu ziko upande huo. Nusu ya data basi inajenga kilele mahali pake, na nusu ya pili inapimwa kutoka ncha isiyo yake. Na kwa kuwa eksoni hazina urefu mmoja, nusu hiyo ya pili haijengi kilele kingine, inasambaa tu.

Gawa data mara mbili, uzi chanya peke yake na uzi hasi peke yake, uchore michoro miwili. Mmoja ukiwa na kilele kirefu na mwingine ukiwa tambarare, umeshapata jibu kabla chai haijapoa. Kwa uzi hasi tumia safu ya nne, na geuza pia alama ya kutoa, maana kule "kabla ya kiungo" ni namba kubwa zaidi.

Michoro yote miwili ikiwa tambarare, hesabu ni ridi ngapi zinafuata mwelekeo wa jeni zilizoangukia. Zikiwa chache mno, umechanganya ridi ya kwanza na ya pili. Katika eCLIP (kama iCLIP, ni njia ya kugandisha protini kwenye RNA kwa miale ya UV na kusoma vipande ilivyoshika) inayosomwa ncha mbili, ridi ya pili ndiyo inayoanzia pale kimeng'enya cha kunakili RNA kilipokwama. Katika iCLIP ni ridi ya kwanza.

Dalili: kilele ni kirefu na kizuri, ila kimesogea

Kikisogea kwa nyukliotidi moja, kumbuka kwamba BED, aina nyingine ya faili la nafasi, huhesabu kuanzia sifuri na GTF kuanzia moja. Kumbuka pia kwamba katika iCLIP nyukliotidi iliyogandamana na protini ni ile inayotangulia mwanzo wa ridi, si ya kwanza ya ridi.

Kikisogea kwa kumi au zaidi, jiulize unahesabu nini: mwanzo wa ridi, katikati yake, au mwisho? Njia zinazotumia miale ya UV huacha mabaki ya protini kwenye RNA, kimeng'enya hukwama hapo, na mwanzo wa ridi una maana. Njia zisizotegemea UV, kama RIPiT, huacha kipande kilichokingwa na protini na kukatwa na RNase, kimeng'enya cha kukata RNA, pande zote mbili. Hapo chenye maana ni katikati. Ukipeleka data ya RIPiT kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili ya iCLIP, kilele kitasogea nusu ya urefu wa kipande, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuonya.

Kikisogea bila utaratibu, jeni hii kwa tatu na ile kwa saba, tazama programu ya upangaji, ile inayotafutia kila ridi mahali pake kwenye jenomu. STAR, mojawapo ya programu hizo, kwa kawaida yake inaruhusiwa kukata ncha ya ridi isiyolingana na jenomu, na ncha hiyo ndiyo kipimo chako. Mwambie asiiguse:

`--alignEndsType Extend5pOfRead1`

Ukipanga ncha zote mbili kwa pamoja, tumia `Extend5pOfReads12`. Na kama baada ya badiliko hilo idadi ya ridi zilizopata mahali imeporomoka, usirudishe mpangilio wa zamani. Fungua FASTQ, faili la ridi ghafi, uangalie ridi mia za kwanza kwa macho. Msimbo wa nasibu unaobandikwa kwa kila molekuli kabla ya PCR, ule wa UMI, haujaondolewa, au adapta (kipande cha kuunganishia) bado ipo. STAR alikuwa akikufichia uchafu huo kwa kuukata kimyakimya.

Dalili: karibu na kiungo hakuna kitu, au ridi zinaingia introni kidogo tu na kukatika

Hapa tukae, maana ndipo watu hugundua mambo yasiyokuwepo.

Fikiria ridi inayoanzia −24 yenye urefu wa 40. Nyukliotidi 24 ziko kwenye eksoni hii, 16 ziko kwenye eksoni inayofuata, na kwenye jenomu kati yao kuna introni ya pengine maelfu ya nyukliotidi. Programu isiyojua kuruka introni, mfano Bowtie, itaitupa ridi hiyo. Ukihesabu kwa mwanzo wa ridi, kila ridi ndefu kuliko umbali wake hadi kiungo imepotea, kwa hiyo kilele unachokitafuta ndicho hasa kilichofutwa. Mchoro wake unatambulika: mstari unakwenda vizuri kutoka kushoto, kisha unaporomoka unapokaribia kiungo kwa umbali unaolingana na urefu wa ridi zako. Nimewahi kuona mchoro wa namna hii ukielezwa kwenye semina kuwa ni "eneo lisilo na protini".

Tumia STAR au HISAT2, na uzipe orodha ya viungo vinavyojulikana. Kwa STAR, `--sjdbOverhang` iwe urefu wa ridi kutoa moja: ridi za 75, weka 74.

Lakini hata STAR ana mpaka wake. Chukua eksoni inayoishia CAG, introni inayoanza GTAAGT, na eksoni ya pili inayoanza GTG. Ridi iliyovuka kiungo kwa nyukliotidi tatu itaishia CAGGTG. Jenomu ikisomwa moja kwa moja bila kuruka inatoa CAGGTA. Tofauti ni herufi moja tu, ya mwisho. Programu ina chaguo mbili: kuruka introni nzima kwa ushahidi wa herufi tatu, au kukubali kosa moja na kubaki palepale. Kwa viungo visivyo kwenye orodha, STAR hudai angalau herufi tano upande wa pili. Kwa vilivyo kwenye orodha hudai tatu. Ridi iliyovuka kwa mbili tu, GT, inalingana na introni bila kosa lolote, na hakuna programu itakayoirudisha.

Matokeo yake kila eksoni inapata kijimkia cha nyukliotidi mbili tatu ndani ya introni, na mwenye hamu ya makala anaona protini inayokaa mwanzoni mwa introni. Kabla ya kuamini, pima mikia hiyo. Ikikatika yote kwenye herufi ya pili au ya tatu, ni kazi ya programu. Ikiendelea makumi ya nyukliotidi, umekamata RNA ambayo haijakatwa introni, na hilo linaweza kuwa la kweli: eIF4A3 huletwa na CWC22 ndani ya mtambo wa kukata introni kabla eksoni hazijaungwa. Kwa data iliyotoka kwenye viini vya seli ningetarajia ridi za aina hiyo, na nisingezitupa.

Dalili: ridi zilikuwa mamilioni, baada ya kuondoa nakala zimebaki chache

Nakala za PCR huondolewa kwa kuangalia ridi zinazoanzia mahali pamoja. Kwa EJC hilo ni hatari kubwa, kwa sababu EJC inakaa mahali palepale kwenye kila mRNA ya jeni hiyo. Molekuli mia tofauti kabisa zitatoa ridi mia zenye mwanzo mmoja. Ukiondoa nakala kwa nafasi peke yake, mia inakuwa moja, na kadiri EJC ilivyokaa vizuri ndivyo unavyoifuta zaidi. Kilele kinabanwa, ukungu unabaki kama ulivyokuwa.

Tumia UMI. Msimbo wa nyukliotidi 10 una michanganyiko 1,048,576, inatosha. UMI-tools hufanya kazi hii, mradi msimbo uwe umehamishiwa kwenye jina la ridi kabla ya upangaji. Kama maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vya DNA vinavyopelekwa mashineni, ilitengenezwa bila UMI, heri uache nakala zote na kutoa tahadhari kwenye maandishi yako kuliko kuziondoa kwa nafasi.

Kama UMI zipo na bado zimebaki chache, maktaba yenyewe ilikuwa maskini. Iliyohitaji mizunguko 20 ya PCR au zaidi ilianza na molekuli chache, na kulipia usomaji zaidi hakutaziongeza. Angalia pia RNA ya ribosomu: ndiyo sehemu kubwa ya RNA yote ndani ya seli, na isipochujwa mwanzo inakula bajeti ya usomaji.

Dalili: kazi inakufa, au faili linagoma

Neno `Killed` bila maelezo maana yake kumbukumbu imeisha. STAR kwa jenomu ya binadamu anahitaji takribani GB 30 za RAM. Laptopu ya kawaida haitoshi. HISAT2 inahitaji kidogo sana kuliko hapo, na Galaxy ya Ulaya, usegalaxy.eu, ni ya bure na ina zana za CLIP. Usijaribu kubana kwa kupanga ridi zote kwenye kromosomu moja tu. Ridi za kromosomu nyingine zitalazimishwa kukaa hapo, na utapata vilele vya uongo.

Ukiona onyo kwamba `EOF marker is absent`, faili la BAM, lenye ridi zilizopangwa, limekatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hakuna wa hapa anayehitaji kuelezwa, faili hubaki na jina kamili na mwili nusu. `samtools quickcheck` kwa kila BAM, `md5sum` kwa kila kilichopakuliwa.

Na kama hakuna ridi hata moja iliyoangukia kwenye jeni, angalia kama faili moja linaandika kromosomu kuwa `chr1` na lingine `1`.

Dalili: jeli ni tupu

Sasa maabara, kwenye jeli inayotenganisha kwa ukubwa protini zilizogandamana na RNA. Miale ya UV ya nanomita 254 hugandisha zaidi protini inayogusa besi za RNA. eIF4A3 hushika uti wa mgongo wa RNA, ile sehemu ya sukari na fosfeti, bila kujali herufi. Ndiyo sababu inaweza kukaa kwenye jeni yoyote, na ndiyo sababu pia inagandishwa vibaya. MAGOH na Y14 hali yao ni ngumu zaidi. Kwa hiyo signali hafifu si lazima iwe kosa lako. Lakini kabla ya kuilaumu protini, hakikisha mfuniko wa sahani ya plastiki uliondolewa, maana unazuia 254. Kwamba seli zilikuwa kwenye PBS (maji ya chumvi yasiyo na rangi) na si kwenye midia yenye rangi. Na kwamba hakuna aliyeweka balbu za 365, ambazo ni za njia nyingine, PAR-CLIP. Balbu huzeeka nazo. Amini kipimo cha nishati, si dakika.

Kama yote yako sawa na bado ni hafifu, badili njia. RIPiT huvuta protini mbili za kundi moja kwa zamu, mathalani MAGOH yenye lebo ya FLAG kwanza, kisha Y14 au eIF4A3 kwa kingamwili yake. Kinachobaki baada ya mivuto miwili ni EJC iliyokamilika, si eIF4A3 inayoelea peke yake, na haihitaji UV. Ila protini yenye lebo isizidi kiwango cha asili cha seli. Ikizidi, ziada itashika popote.

Dalili: jeli ina bendi, lakini huna hakika ni RNA

Weka vidimbwi vinne (visima vya sampuli kwenye jeli): RNase I nyingi, RNase I kidogo, bila UV, na kingamwili isiyohusika. Viwili vya mwisho viwe tupu. Kwenye RNase nyingi utaona bendi nyembamba juu kidogo ya uzito wa protini, ambao kwa eIF4A3 ni kama kilodaltoni 47. Kwenye RNase kidogo bendi ipande na kutawanyika juu. Bendi isiyosogea kati ya vidimbwi hivyo viwili haina RNA, haidhuru inang'aa vipi.

Unapokata utando ambao bendi zimehamishiwa, kumbuka kila nyukliotidi ni kama theluthi moja ya kilodaltoni. Kipande cha 75 kinaongeza takribani 25. Ukikata juu mno unapata vipande virefu, na virefu vina hadithi yao, utakayoikuta kwenye dalili inayofuata.

Neno la kando kuhusu friza: chupa ya RNase I iliyopitia usiku wa umeme kukatika mara tatu si ile uliyoipima mwezi uliopita. Pima upya kila kundi la majaribio, na gawa vimeng'enya kwenye mirija midogo.

Dalili: signali iko kila mahali, hata pasipo na kiungo

Jeni zisizo na introni ndizo mashahidi wako. JUN haina introni, IFNB1 haina, na za histoni zilizo nyingi hazina. Zikiwa na signali nzito sawa na jeni nyingine, unapima wingi wa RNA, huipimi EJC. (Usitumie histoni kama ulichuja RNA kwa mkia wa poli-A. mRNA zake hazina mkia huo, utaona sifuri safi na kufurahia bure.) Eksoni ya mwisho ya kila jeni nayo ni shahidi mzuri: mwisho wake hauna kiungo, hivyo −24 yake iwe tambarare.

Lawama kwanza ziende kwa kukosekana kwa sampuli ya kulinganisha, RNA iliyopitia jeli na utando uleule kwa ukubwa uleule bila kuvutwa na kingamwili. Bila hiyo, jeni zenye mRNA nyingi zitaongoza orodha daima.

Lakini usitupe vyote. Makundi yote mawili yaliyochapisha 2012 yaliona EJC mahali pengine mbali na −24, na mojawapo lilionyesha kuwa EJC hujikusanya na protini za SR, familia nyingine ya protini zinazoshika RNA, kuwa rundo kubwa. Vipande virefu hubeba alama za SR, vifupi hubeba za EJC yenyewe. Chora vilele kwa urefu wa vipande, vifupi mbali na virefu mbali. Kama −24 inatokea kwenye vifupi tu, ukungu wako si uchafu, ni majirani.

Dalili: jeni zinazotafsiriwa kwa wingi hazina EJC

Pengine hakuna hitilafu. Ribosomu ya kwanza kupita huing'oa EJC, na protini iitwayo PYM husaidia. Ukitaka kuiona kabla haijang'olewa, simamisha ribosomu kwa sikloheksimidi kabla ya kuvuna seli, na sampuli ya kulinganisha ipewe dawa ileile. Kwa bahati jambo hili linakupa kipimo cha bure: sampuli mbili, yenye dawa na isiyo nayo, zikitoa −24 ya kimo kilekile, ama dawa imekufa ama unachopima si EJC.

Virusi na vimelea vya kwetu

Maswali kutoka kwa wanaofanya kazi na flavivirusi ni mengi, na si ajabu: virusi vya West Nile vilitambuliwa Uganda mwaka 1937, vya Zika mwaka 1947 kwenye msitu ulio karibu na Entebbe, na utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba sehemu za EJC hupinga virusi vya ukoo huo. Ila RNA yao hunakiliwa nje ya kiini na haina introni. Hakuna kiungo, hakuna −24. Usiwalazimishe kwenye mchoro wa eksoni. Linganisha na sampuli isiyovutwa, basi.

Trypanosoma brucei, wa malale, ndiye mgumu. Jeni zake mbili tu zinajulikana kuwa na introni, kwa hiyo mchoro wa kawaida utatoka mtupu hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Badala yake kila mRNA hupachikwa kichwani kipande kilekile cha nyukliotidi 39. Kiungo kipo, kimoja kwa kila mRNA, baada ya hizo 39. Sasa piga hesabu: kama EJC ya kimelea huyu, ambaye Y14 na MAGOH anazo, ingekaa umbali uleule wa 24, ingekuwa katikati ya kipande hicho, na ridi ya 30 kutoka hapo isingekuambia ni ya jeni gani, maana nyukliotidi zake 24 ni sawa kwa jeni zote na sita zinazobaki hazitoshi. Programu itaitupa kwa kuwa na makao mengi.

Usipange ridi hizo kwanza. Zitafute kwa programu ya cutadapt, zihesabu kama kundi moja, kisha zile zenye mkia wa nyukliotidi 20 au zaidi baada ya kipande cha pamoja zikatwe na mkia upangwe kwenye jenomu. Ridi fupi kuliko hapo zibaki kwenye hesabu ya jumla bila jina la jeni. Na zinazoanzia kwenye herufi nne tano za kwanza za kipande hicho ziondoe kabisa: nyukliotidi nne za mwanzo zimebeba methili nyingi, na kimeng'enya cha kunakili hukwama hapo bila protini yoyote kuhusika.